Suhaib Aliyeacha Wodi Nzima

Mjukuu wangu Suhaib alianza kwa mafua tu, nyumbani kwetu Kikwajuni. Siku ya nne kifua kikambana, maneno yakaanza kupishana. Tukamkimbiza hospitali. Daktari Rukaiya akatwambia kirusi kimeingia kwenye moyo na kwenye ubongo, na vyote viwili vimevimba.

Alasiri homa ikapanda. Suhaib akakaa kitako, akamkazia macho mkewe. "Mayasa, nimekuacha! Talaka tatu!" Hakuishia hapo. Akakiacha chuma cha dripu. Akamwacha muuguzi, Pandu, mwanamme mzima na ndevu zake. Akaniacha na mie, bibi yake.

Mayasa akaangua kilio. Bi Time, shangazi yake Suhaib, hajapata kumpenda huyu mke. Hapo hapo akafunga kanga baina ya kitanda na kiti cha Mayasa.

"Talaka tatu si mchezo. Si mumeo tena huyo. Leo unaanza eda."

"Na mie nikae eda?" nkamwuliza.

"Bi Kazija, usifanyie mzaha dini!"

"Na Pandu je?"

Pandu akasema zamu yake inakwisha saa moja, hana nafasi ya eda.

Wodi ilicheka. Mayasa hakucheka. Miaka sita ya ndoa, leo haruhusiwi hata kumfuta mumewe jasho. Siku tano alikoroga uji nyuma ya kanga, akanipitishia kwa juu, mie nkamlisha mgonjwa.

"Kameza?" anauliza.

"Kameza, mwanangu."

Siku ya sita homa ikashuka. Nkamwita Sheikh Msabah, nkamweleza yote. Akamwuliza daktari, "Alipotamka, akili alikuwa nayo?"

"Hata jina lake mwenyewe alikuwa halijui, Sheikh."

Bi Time akadakia, "La Mayasa alilijua! Kalitaja!"

"Na la Pandu?" akauliza Sheikh.

"Nalo kalitaja."

"Basi Pandu naye alikuwa mkewe?"

"Astaghfirullah!" akasema Pandu, akashika ndevu.

"Neno la asiye na akili zake halivunji ndoa," akasema Sheikh. "Mayasa ni mke wa mtu."

Suhaib akafumbua macho, hana habari ya lolote. "Kwani Mayasa alikwenda wapi siku zote hizi? Hata kuja kunitazama hakuja?"

Mayasa akatokeza nyuma ya kanga na bakuli la uji wa moto. Akachota kijiko cha kwanza, akamtia mdomoni bila ya kukipuliza.