Mshubiri wa Jaji

"Mpe mshubiri wake, Mzee. Mama yake yuko njiani," alisema Mwalimu Mkuu bila kusimama. Viatu vyake vikagonga sakafu ya veranda ko-ko-ko mpaka ofisini, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Mtunza bustani alibaki amesimama na kopo mkononi. Mpe mshubiri wake! Mtoto anafukuzwa shule, na wao wanataka aondoke na zawadi.

Katika shule ile ya watoto wenye mahitaji maalumu, kila muhula ulianza kwa kuchagua miche. Mzee ndiye aliyeianzisha kazi hiyo, na tangu mkewe afariki hakuwa na nyingine ya kumtoa kitandani. Hakuna mtoto aliyepangiwa mmea. Asiyeona alinusa na kupapasa majani. Asiyesikia alinyooshea kidole rangi aliyoitaka. Yule asiye na mikono alivua kiatu akagusa kwa vidole vya mguu, na ole wako umcheke. Aliyetaka bamia alipanda bamia, hata kama mwalimu wake alitaka maua ya kupamba lango. "Mmea usioutaka huwezi kuukumbuka siku ya jua kali," Mzee aliwajibu walimu waliolalamika. Watoto walimwita Babu Makopo, maana miche yote aliikuzia kwenye makopo ya maziwa na ya rangi.

Mmoja tu ndiye aliyempa taabu. Alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, wa kiti cha magurudumu, shingo imelalia upande, mikono imejikunja kifuani. Hasemi. Wenzake walimwita Jaji, kwa sababu ukimwambia neno alikukazia macho tu, kana kwamba anangoja shahidi mwingine. Mama yake aliwaeleza walimu siku ya kwanza: akifumba macho ni ndiyo, akiyaacha wazi ni hapana. Basi kila muhula Mzee alimpitishia makopo puani, moja baada ya jingine. "Nyanya? Mchicha? Mnanaa? Mshubiri?" Na kila muhula Jaji alifumba macho kwenye mshubiri.

"Ana roho ngumu huyu," Mzee alizoea kutania. "Wenzake wanatafuta vitamu, yeye kakamatana na shubiri."

Wiki iliyotangulia walikuja wakubwa. Walikuwa watatu, suti na joto lile, wakammwagia Jaji picha na maswali kama wanaomimina mahindi kwenye gunia. Hili ni gari? Huyu ni mbuzi? Hiki ni kiatu? Alifumba macho walipomwonyesha kijiko wakamwuliza kama ni mbuzi. Wakacheka kwa adabu, wakaandika: hafundishiki, nafasi yake apewe mwingine.

Mzee aliwajua watu wa namna hiyo. Ndio waliopita kwenye kitanda cha mkewe hospitalini, "Mama, unajisikiaje?" na kabla mgonjwa hajafungua mdomo wameshafika kitanda cha tatu. Wakasema anaendelea vizuri. Alizikwa Ijumaa.

Sasa alikisukuma kiti cha Jaji hadi kwenye meza ya miche, uani.

"Haya, Mheshimiwa Jaji. Leo tunaagana. Lakini uchague mwenyewe, asije mtu akasema nilikupangia. Nyanya?" Macho wazi. "Mchicha?" Wazi. "Mnanaa?"

Kopo la mnanaa lilikuwa bado puani pake pale mpira wa maji ulipochomoka bombani. Maji yakaruka juu, yakaanza kuchimba tuta la karoti. Mzee alilitua kopo mapajani mwa mtoto, akakimbia na mguu wake mbovu huku akilitukana bomba, aliyelinunua, na aliyemtuma alinunue. Alilikaba mpaka likanyamaza. Akageuka kurudi, shati limemganda mgongoni, na alipokuwa nusu ya njia alimwona Jaji anafumba macho.

Mzee akasimama. Akatazama meza. Mshubiri ulikuwa pale pale, hajaugusa, hajautaja.

"Umefumbia nini wewe?"

Labda jua. Labda usingizi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachukua kopo la mshubiri akalisogeza puani pake. "Huu?" Kisha akanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kazi, ulimi ulimwasha. Macho wazi. Akangoja mpaka mkono ukamchoka. Bado wazi.

Akachukua mnanaa. "Huu?"

Kuku akapita chini ya meza, akadonoa alichodonoa, akaenda zake. Ndipo kope za Jaji zikashuka, zikabana, mpaka mashavu yakakunjamana.

Mzee akalitua kopo.

"Ngoja kwanza. Mimi ni mzee?" Akangoja. Akayafumba macho, tena kwa nguvu. "Mimi ni kijana mzuri?" Akangoja. Akangoja zaidi, kwa matumaini. Macho wazi kama madirisha ya nyumba mpya.

"Hata kunionea huruma!" akasema, akacheka, kisha akaacha kucheka. Mihula yote ile. Mtoto alikuwa anataka mnanaa. Jibu lake lilikuwa linafika wakati kopo limeshaondolewa na mshubiri uko puani. Hakukosea hata mara moja. Na hawakuwa wale wenye suti peke yao waliokimbia bila kumngoja.

"Babu Makopo, umempa mche wake nikamchukue?"

Mama yake Jaji alikuwa amesimama langoni, mikono bado imevimba kwa maji ya kufulia, amebeba mfuko mkubwa wa kuwekea nguo za mtoto.

"Mama, njoo hapa. Mwulize kitu."

"Nimwulize nini?"

"Chochote. Kimoja tu. Halafu ufunge mdomo."

"Mzee, leo si siku ya mizaha. Nimeomba ruhusa kazini na wameninunia."

"Mwulize!"

Mama akashusha pumzi. "Mwanangu, mimi ni mama yako? Haya, ona, hata..."

"Kimya!" Mzee alimkamata mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mke wa mtu.

Jaji akafumba macho.

"Bahati tu," mama akasema. Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwulize jingine."

"Mimi ni shangazi yako?" Wakangoja. Macho hayakucheza. "Mimi ni mama yako?" Wakangoja. Akayafumba.

Mfuko ukamwanguka. Hakulia. Alibaki akimtazama mwanawe kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango uko upande mwingine.

"Yanakuja nyuma," alisema. "Majibu yake yanakuja nyuma."

"Ndiyo."

"Asubuhi..." Akajishika kiuno. "Asubuhi nikimfunga huu mkanda wa kiti, namwuliza, unaumwa? Kimya. Namwuliza, nikaze? Anafumba macho." Akaushika mkanda. "Naukaza. Kila asubuhi, Mzee, naukaza."

Akapiga magoti kwenye udongo. "Unaumwa?" Na papo hapo akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Hawakungoja sana, au labda walingoja sana. Jaji akafumba macho, akayabana, hakuyafungua mpaka mama alipoufungua mkanda na kuinua blauzi. Chini ya kifungo cha chuma cha mkanda, ngozi ilikuwa imechubuka na kuiva, kipande kile kile cha umbo la kifungo.

"Na alikuwa ananiambia," mama alinong'ona. "Mungu wangu, alikuwa ananiambia."

Viatu vikasikika tena. Ko-ko-ko.

"Mama, pole sana," alisema Mwalimu Mkuu. "Dereva anasubiri. Gari ni la kuazima, lazima lirudi."

"Haendi popote," alisema Mzee.

"Mzee wangu, tusianze. Uamuzi si wangu. Umetoka juu."

"Juu! Siku hizi kila kitu kinatoka juu isipokuwa mvua. Mwulize mtoto swali, Mkuu. Moja tu, uone anavyojibu."

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Kiti kilipovunjika gurudumu ni yeye aliyembeba Jaji mgongoni hadi darasani, na viatu vile vile. Akainama. "Binti yangu, unataka kubaki shuleni? Au unataka kwenda nyumbani na mama?"

"Moja! Nimesema moja!" Mzee akaruka kutoka kwenye ndoo.

Jaji akafumba macho.

Watu wazima watatu wakatazamana.

"Amesema nyumbani," alisema Mwalimu Mkuu.

"Amejibu la kwanza!"

"Umejuaje?"

Mzee akaketi tena juu ya ndoo. Hakujua. Huenda kweli alitaka nyumbani. Nani aliyewahi kumwuliza?

Ni mama aliyeeleza, kwa maneno machache, kidole kikionyesha kidonda. Mwalimu Mkuu alisikiliza kwanza kama anayesikiliza malalamiko, kisha uso ukambadilika. "Chakula," akasema taratibu. "Namwuliza, uongezwe? Halafu namwuliza, niondoe sahani?" Akaketi chini kwenye udongo uliolowa, na sketi yake iliyopigwa pasi.

Gari likapiga honi barabarani. Hakugeuka.

"Naomba nirudie," alisema, na haikujulikana anamwomba nani. Akasogea mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Unataka kubaki hapa?" Akajiuma mdomo ili lisitoke neno jingine.

Honi ikalia tena, ndefu. Mzee alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili. Wingu lililokuwa limesimama juu ya paa likasogea, na jua likamwagika uani kote, juu ya makopo, juu ya magoti ya Jaji, likaanza kupanda usoni. Mama akalinyooshea mkono wake uliovimba, akauweka juu ya macho ya mwanawe kama kijipaa kidogo, ili jua lisije likamjibia.