Pasaka ya Wasafiri wa Mwezini

Ignaz Feldmar aliposhuka kwenye treni Nottingham, Jumamosi ya kabla ya Pasaka, mwaka 1943, alimkuta Clement Hardstaff ameshamngoja hadi amechoka, kofia mkononi. Wakakumbatiana palepale jukwaani, sare ya jeshi kwa koti la kiraia, mpaka mzee mmoja wa reli akakohoa ili wampishe na toroli lake.

"Umekonda, Iggy," Clement akasema. "Jeshini hawakulishi?"

"Wananilisha. Ila wananibebesha kuliko wanavyonilisha."

Wakacheka. Ilikuwa miaka mitatu hawajaonana.

Kabla ya vita walikuwa marafiki wa barua, mmoja Vienna na mwingine hapa, wakiunganishwa na kichaa kimoja: hadithi za kisayansi. Kitu chochote chenye roketi na sayari ngeni walikisoma, wakakibishania, wakaandikiana kurasa kwa kurasa. Wanazi walipoingia Vienna na maisha ya Mayahudi yakageuka moto, ni Clement aliyehangaika huku na huku hadi Ignaz na mdogo wake Emil wakapata kibali cha kuingia Uingereza. Aliwatafutia chumba mtaa wa pili na kwao. Kila Jumapili Clement na Ignaz waliinama juu ya karatasi kubwa wakichora chombo cha kwenda mwezini, Clement akishika rula kwa kuwa ndiyo kazi yake kiwandani, Ignaz akipiga hesabu. Emil, kijana wa miaka kumi na tisa asiyependa hadithi hizo hata chembe, alikuwa akilala kitandani akiwauliza kama huko mwezini kutakuwa na wasichana.

Kiangazi cha 1940, Ufaransa ilipoanguka, Waingereza walianza kuwakamata wageni wote waliotoka nchi za Wajerumani, na polisi walikuja alfajiri. Walikwenda moja kwa moja kwenye godoro la Emil, wakatoa michoro iliyokuwa chini yake, wakaidhania ya silaha. Ignaz alipelekwa kambi ya wageni kwenye kisiwa cha Man, nyuma ya seng'enge. Emil, kwa kuwa michoro ilikutwa kitandani mwake, aliwekwa kundi la watu wa hatari, akapakiwa meli ya kwenda Kanada. Manowari ya Wajerumani iliizamisha meli hiyo njiani. Mwili wa Emil haukuonekana tena.

Baadaye Ignaz alifunguliwa, akajiunga na kikosi cha vibarua wa jeshi. Muda wote huo alijiambia kwamba ilikuwa bahati mbaya tu. Nchi ilikuwa imeingiwa na hofu, na hofu haina macho.

Mkutano wa wapenzi wa hadithi hizo, ambao Ignaz alikuwa amealikwa, ulifanyika ghorofani, juu ya mgahawa mmoja karibu na soko. Walifika watu kama ishirini, na kwa wakati ule ishirini ulikuwa umati: wanajeshi wa likizo, makarani, mpishi wa meli kutoka Liverpool, na Winifred Pym, mpiga chapa aliyesafiri kutoka Manchester amesimama njia nzima. Majarida ya Amerika yalikuwa hayaingii tena ovyo, meli zilibeba risasi na unga, kwa hiyo mpishi yule alipofungua mfuko wake akamwaga manane mezani, watu wazima walirukiana kama kuku waliotupiwa mtama.

"Taratibu, wazalendo!" Sid Oakden alipiga kelele. Sid alikuwa koplo, mnene, mwenye mdomo usiojua kupumzika. "Hitler akiwaona hivi atajua vita ameshinda!"

"Wewe umeficha moja kwenye suruali," Winifred akamwambia.

"Njoo ulitafute basi, dada."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Ignaz alikaa katikati yao, akahisi kitu alichokuwa amekisahau, kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Watu walikuja kumshika mkono. Baadhi walimshika muda mrefu kidogo kuliko kawaida, wakatazama chini. Alidhani ni kwa ajili ya Emil.

Baada ya mikate ya samaki wa kusaga na keki ya karoti iliyokuwa na karoti nyingi kuliko keki, Clement alitangaza kwamba kipindi kitakachofuata ni hotuba ya rafiki yake wa kufa na kuzikana, Bwana Feldmar, juu ya safari ya mwezini. Ignaz akaomba dakika chache, akachukua sinia la vikombe akashuka jikoni. Huko mama yake Clement alikuwa akiosha vyombo, mikono imekunjamana kwa maji ya moto.

"Hebu acha, mwanangu, wewe ni mgeni."

"Mgeni gani, mama? Nimekula sana kwako." Akachukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe.

Mama Hardstaff alimtazama kwa upendo, kisha macho yake yakalowa. "Unajua, nilikuwa nikiomba usiku na mchana siku kama hii ije. Nikimwambia Clement, yule kijana ana moyo mkubwa, siku moja atakusamehe. Yeye akisema, haiwezekani. Na leo umekuja, umemkumbatia mbele za watu."

"Nimsamehe nini, mama?"

"Si ile habari ya polisi. Hakulala wiki nzima aliporudi kutoka kule kituoni. Nilimwambia, Clement, wale ni watoto wa watu, usipeleke maneno kwa polisi. Akasema kiwandani wanauliza kila mchoraji anajuana na wageni gani, na kama hataanza yeye, wataanza wao." Alikatiza ghafla. Alikuwa ameuona uso wa Ignaz. "Ee Mungu wangu. Hakukwambia?"

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwa Ignaz. Alikiweka mezani polepole sana, kama kitu chenye uhai.

"Ndiye aliyewaambia michoro iko wapi?"

Mama alijifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena, ingawa ilikuwa imeshakauka.

Kwenye ngazi alikutana na Sid akishuka kumfuata. "Iggy, watu wanakungoja, bwana! Winifred anataka kujua kama mwezini kuna mgawo wa sukari."

"Sid. Ulijua kwamba Clement ndiye aliyenipeleka polisi?"

Sid alishika ukuta.

"Nani kakwambia?"

"Ulijua?"

"Sote tunajua, ndugu yangu. Tangu mwaka ule. Alitueleza mwenyewe, akilia. Tulidhani amekuandikia. Halafu tukaona umekubali mwaliko, tukasema, basi, yamekwisha." Akashusha sauti. "Sikia, lakini. Watu wametoka mbali. Wengine wiki ijayo wanavuka bahari, Mungu ajuaye kama watarudi. Usiivunje siku ya leo. Nakuomba. Kesho mtasemezana ninyi wawili."

Hilo ndilo lililomchoma kupita la kwanza. Clement alikuwa mtu mmoja mwenye woga. Hawa walikuwa ndio watu wake, waliomwandikia kambini kumpa pole, kila barua na mizaha yake, na mkono ulioziandika ulikuwa ukijua.

Alipanda juu. Walimpigia makofi. Clement alikuwa amemwekea kiti na gilasi ya maji. Ignaz hakukaa.

"Nilipangiwa kuzungumza juu ya chombo cha kwenda mwezini," alisema. "Kilichorwa na watu wawili. Hesabu zilikuwa zangu. Mistari ilikuwa ya Clement. Emil hakuchora hata nukta moja. Alikuwa na usingizi tu, na godoro lake ndilo lililokuwa karibu na meza."

Akamgeukia rafiki yake.

"Clement, polisi uliwaambia mistari ni ya nani?"

Clement alikuwa amegeuka rangi ya chokaa. "Iggy, wangewachukua tu. Waliwachukua wageni wote. Hata wauza aiskrimu wa Kiitaliano."

"Wangenichukua, ndiyo. Wangemchukua na Emil, wakamweka kisiwani pamoja nami, acheze karata na kulalamikia chakula. Ni michoro iliyomweka kwenye ile meli. Uliwaambia ni ya nani?"

"Niliogopa."

"Nakuuliza ulisema nini."

"Nilisema ni yenu," Clement akanong'ona. "Ninyi wawili."

Mpishi wa meli akaanza kufunga mfuko wake. Winifred alikuwa akilia bila sauti. Kisha mtu mmoja nyuma, kwa ile adabu yao ya kutisha, akasema labda huu ungekuwa wakati mzuri wa chai. Viti vikaburutwa. Watu wakasimama kwa shukrani, kama waliofunguliwa mlango.

Ignaz alichukua koti lake. Clement alimfuata hadi barabarani bila kofia, akisema mambo mengi kwa haraka: kwamba ndiye aliyewatoa Vienna, kwamba bila yeye wangekuwa wamekufa wote wawili tangu zamani, je, hilo halihesabiki?

Ignaz alisimama. "Linahesabika," alisema. "Ndiyo maana sikuwahi kukushuku."

Akaenda zake. Clement hakumfuata tena.

Usiku huo alilala kwenye benchi la kituo, na Jumapili ya Pasaka akarudi kikosini siku mbili kabla ya likizo kwisha. Sajini alimuuliza kama amemfumania mpenzi wake. Akasema ndiyo, karibu na hivyo.

Desemba kilimfikia kifurushi kutoka Nottingham, majarida sita ya Amerika, bila kipande cha maneno. Alikaa nayo siku kadhaa chini ya kitanda, akinuia kuyachoma. Mwishowe aliyasoma. Aliyasoma yote, kutoka jalada hadi jalada, akiwa amejifunika blanketi kwa ajili ya baridi, na jambo lililomuuma hadi akauma kiganja chake ni kwamba yalikuwa matamu kama zamani. Hakuandika kushukuru. Aliwagawia wenzake wa bwenini, akatoka nje kwenda kupakua makaa.