Mashindano ya Watatu

Dada yangu Judith hakosei Kiswahili, na kwa sababu hiyo hiyo nilitaka kumnyonga pale pale stendi ya Makambako, mbele ya wauza mahindi ya kuchoma.

Nieleze tangu mwanzo, maana wapo wanaosema Bertila ana hasira za bure. Hasira za bure hazipo. Zangu kila moja naijua ilikotoka.

Naishi Njombe mjini, kata ya Ramadhani, chumba kimoja. Mchana napanga parachichi kwenye makasha. Kabla ya hapo, alfajiri, nafanya mazoezi ya triathloni. Ukilitaja jina hilo mtaani kwetu mtu anakuuliza kama ni dawa ya viazi. Ni mchezo wa kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio, mfululizo, na saa haisimami hata unapobadili viatu. Yote anayafanya mtu mmoja. Mmoja, naomba tusilisahau hilo.

Mbio hazikunisumbua. Sisi ni Wakinga wa Bulongwa. Shule ilikuwa bondeni, nyumbani mlimani, na mama hakuwahi kukubali sababu yoyote ya kuchelewa. Baiskeli niliinunua ya mtumba, gia tatu zimekufa, na kila Jumamosi niliiendesha kutoka Njombe hadi Makambako kwa Judith, kilomita sitini. Jumapili nikarudi nayo, na kurudi ndiko kunakoua kwa sababu ni kupanda tu. Ila maji! Nani anaogelea Njombe? Maji yetu ni ya kunawa haraka haraka na kukimbilia jiko. Nilijifunzia kwenye bwawa la kumwagilia chai, dumu tupu limefungwa kifuani, nikifundishwa na mlinzi wa pampu, Patrick, mtu wa Lupingu aliyekulia ziwani. Mwezi wa Juni umande ulikuwa umeganda kwenye majani ya ukingoni na Patrick amejifunga blanketi mpaka masikioni.

"Ingia," alikuwa akisema. "Hayo maji hayatapata moto kwa kukuonea huruma."

Nikaingia. Machi iliyofuata nilikwenda kushindana Matema, nikatoka ziwani wa mwisho huku watoto wa kule wakinicheka, nikawapita sita kwenye baiskeli. Mei, Iringa, nikawa wa nne. Kufika Julai dumu nilikuwa nimelirudisha kwa mwenyewe. Mwisho wa Agosti ndipo yalipokuwa mashindano ya Makambako, na hayo ndiyo niliyoyafanyia kazi mwaka mzima. Kambi ya taifa ilikuwa inatafuta hapo mtu mmoja kutoka nyanda zetu za juu: miezi sita na kocha wa kweli. Masharti yalikuwa mawili. Amalize michezo yote mitatu chini ya saa moja na dakika hamsini, na asizidi miaka ishirini na tatu. Mimi Oktoba natimiza ishirini na nne.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Gideoni, mfanyabiashara wa viazi, aliandika tangazo kwa mkono wake: "Mashindano ya Mitatu: kuogelea, baiskeli, mbio." Akalipeleka kuchapwa kwenye steshenari ya dada yangu.

Judith alifundisha Kiswahili sekondari miaka kumi na mmoja kabla ya kufungua duka, na mpaka leo mji mzima unamwita Mwalimu. Hawezi kusikia kosa akanyamaza. Ukimwambia nyumba yake inaungua, atakuuliza inaungua au inawaka. Kila Jumamosi nilifika kwake nimelowa jasho nikamsimulia mazoezi yangu, naye akanisahihisha sentensi moja baada ya nyingine. Mimi nilidhani ananisikiliza.

Wiki mbili za mwisho sikwenda Makambako, maana karibu na mashindano mwili unapumzishwa. Jina langu nilikuwa nimeliandikisha kwa simu. Ijumaa jioni nilishuka kwenye basi, nikateremsha baiskeli, na kwenye ukuta wa choo cha stendi nikakutana na bango:

MASHINDANO YA WATATU. Kila timu ilete watu watatu: mmoja aogelee, mmoja aendeshe baiskeli, mmoja akimbie.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la steshenari ya Judith. Naye mwenyewe huyo anakuja kunipokea, anatabasamu.

"Hiki nini?" nikamuuliza.

"Shikamoo kwanza."

"Judith, hiki nini?"

Akalitazama bango kama mtu anayetazama mtoto wake aliyefaulu. "Mzee Gideoni alikuwa ameandika 'mashindano ya mitatu'. Mitatu ya nini? Mitatu inaweza kuwa miti, inaweza kuwa mikate. Kama ni mashindano, ni matatu. Kama ni watu, ni watatu. Nikamsahihishia, nikamwongezea na maelezo ili ieleweke."

"Ni michezo! Michezo mitatu! Mtu mmoja!"

"Basi angeandika michezo."

"Na mimi je? Mimi ulidhani nafanya nini mwaka mzima?"

"Nilidhani unajaribu yote," akasema, "ili mwishoni uchague mmoja."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko bango. Dumu, umande ulioganda, zile kilomita sitini, yote kwake yalikuwa kujaribu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na wauza mahindi waliacha kupepea mikaa wasikilize. Usiku huo nililala kwake kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Alinitengea chakula, sikukigusa, na chakula cha Judith ni kitamu, kwa hiyo nikakasirika zaidi.

Asubuhi nilimkuta Mzee Gideoni bwawani, nje kidogo ya mji, upepo wa Makambako ukitaka kumvua kofia. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Nikamweleza kosa. Hakushtuka hata kidogo.

"Niliona, binti yangu. Nilipoletewa bango nikaona limebadilika. Lakini nikafikiri, watatu wanaleta ndugu wengi kuliko mmoja. Hebu tazama watu walivyojaa. Timu saba!"

Yaani alijua. Dada yangu alikosea kwa kiburi, huyu akalipokea kosa na kulikalisha kitini.

"Mzee, barua ya kambi inataka mtu mmoja."

"Tutachagua mmoja katika timu itakayoshinda."

"Yupi? Anayejua kuogelea au anayejua baiskeli?"

"Usinipandishie sauti. Tafuta wenzako wawili ushiriki kama wengine."

"Wenzangu ninao."

"Wako wapi?"

Nikajipiga kifuani mara tatu. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao, maana mzee akichekwa mbele za watu hujifanya ndiye aliyetoa utani. "Haya, kimbia," akasema. "Lakini nje ya mashindano."

Nikaingia majini na watu saba ambao watano kati yao hawakujua kuogelea. Mmoja alitembea ukingoni maji yakiwa kiunoni, anapiga mikono hewani. Mwingine mtumbwi wa uokoaji ulimtoa kabla hajafika popote. Mimi niliogelea. Mita mia saba na hamsini, Patrick akinisema kichwani, nikatoka wa pili. Kwenye baiskeli ndipo waliponipata, maana kila mmoja alikuwa ametulia anasubiri zamu yake, miguu haijachoka. Edson wa Ilembula, kijana anayesomba viazi kwa baiskeli tangu ana miaka kumi, alinipita kwenye kilima cha kwanza akasema, "Pole, dada." Sikuitaka pole yake. Kilomita ishirini, upepo wa ubavuni wakati wa kwenda na wa ubavuni wakati wa kurudi, sijui unafanyaje. Kisha mbio, kilomita tano, na hapo niliwapita wawili ambao hawakuwa wamefanya kitu kingine chochote asubuhi hiyo. Nikafika wa nne. Saa yangu ya mkononi, ya sokoni, ilisema saa moja na dakika arobaini.

Dakika kumi chini ya kiwango. Nikakaa kwenye nyasi nikalia kidogo. Nilijua kocha wa kambi akija ataona.

Kocha alikuja saa sita na nusu, basi lake liliharibikia njiani. Mwanamke mfupi anaitwa Priska, begi mgongoni, hana maneno mengi. Alikuta timu ya Edson imesimama mbele ya watu na kikombe, watatu, wanapigwa picha.

"Nani kati yenu anafanya yote?" akawauliza.

Mwenyekiti akamsukuma Edson mbele. "Huyu ndiye bora wao."

"Unaogelea?"

"Hapana, mama," Edson akasema, na uso ukamshuka. "Mimi nikiingia humo mtanitoa kwa kamba. Anayefanya yote ni yule." Akaninyooshea kidole.

Priska akaomba daftari la muda. Aliyelishika alikuwa Fidelis, mwalimu wa michezo. Akalifungua, akalifunga, akalifungua tena. Timu saba, mistari saba. Mimi simo.

"Niliambiwa wasio na timu nisiwaandike," akasema taratibu, bila kumtazama Mwenyekiti.

Nikaonyesha saa yangu. Priska aliitazama kwa heshima, lakini akatikisa kichwa. "Nakuamini, mdogo wangu. Ila imani siwezi kuipeleka ofisini. Wanataka muda ulioandikwa na msimamizi. Na leo ndiyo mwisho. Saa kumi narudi na basi."

Basi. Mwaka mzima umeishia hapo, kwenye mstari ambao mtu aliogopa kuuandika. Nilimtafuta Judith kwa macho ili nimchukie vizuri. Hakuwepo pale pembeni ya umati alipokuwa amesimama tangu asubuhi. Alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti.

"Mnanijua," akasema kwa sauti yake ya darasani. "Mnaniita Mwalimu. Lile bango nimeliharibu mimi. Mzee alileta jambo la kweli limeandikwa nusu, mimi nikalikamilisha kwa uongo. Mchezo huu ni wa mtu mmoja. Mdogo wangu aliniambia mwaka mzima, nikawa nasikiliza viambishi vyake." Kuna mtu alicheka nyuma. "Cheka," Judith akamwambia. "Lakini yeye leo amefanya kazi ya watu watatu, na nyie mmeona."

Mzee Gideoni akasogea, akashika kipaza sauti kwa upole. "Mwalimu, kukosea ni ubinadamu. Mambo yamekwisha."

"Hayajaisha," nikasema.

Sikuwa nimepanga kusema. Nilikuwa nimekasirika tu mpaka mdomo ukaenda wenyewe. "Saa ngapi sasa?"

"Saa saba na dakika tano," Priska akajibu.

"Nikianza saa saba na nusu, nitamaliza kabla ya basi lako."

Priska alinitazama miguu, ilikuwa inatetemeka na mimi nilikuwa najua. "Umechoka. Muda utakuwa mbaya."

"Utakuwa umeandikwa."

Hakubishana. Alitoa saa yake begini akasema atasimamia mwenyewe mstari wa mwisho, ila anahitaji mtu wa kuandika kwenye vituo. Fidelis akanyoosha mkono, nikamwambia aushushe. Mwenyekiti alikuwa ameanza kuwaambia vijana waupandishe mtumbwi kwenye gari. Edson akaweka kikombe chini, akaushika mtumbwi ule akaurudisha majini bila kumwomba mtu ruhusa. Nilikula ndizi mbili. Nikafunga nywele upya.

Judith alikuja ukingoni ameshika lile daftari, viatu vyake vya kanisani vinazama kwenye tope. Macho yamemwiva.

"Bertila, unaweza kweli?"

"Sijui."

"Umenisamehe?"

"Bado," nikamwambia, na ilikuwa kweli, bado nilikuwa nataka kumtikisa mpaka meno yagongane. "Shika peni. Na safari hii andika unachokiona. Usiandike unachokijua."

Akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu peke yake juu kabisa. Priska akainua mkono. Maji yalikuwa baridi vilevile, na mimi nikaingia.