Hema Sebuleni kwa Sidonia

Lango la Mlima Sakwa lilikuwa kamba ya katani iliyofungwa kati ya miti miwili, na Bartolomayo, askari wa hifadhi, aliishusha bila kuinuka kwenye kigoda chake. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mvua zinaaga, vilima vya Kondoa vimevaa kijani chao cha muda mfupi. Ndani ya gari walikuwamo Meshack, ofisa wa ramani kutoka Dodoma, mkewe Yasinta, binti yao Emilia, wa darasa la nne, na Sidonia, mama yake Yasinta, aliyekaa nyuma ya kiti cha mkwewe ili wasitazamane hata kwenye kioo.

"Mama naye mtalii?" Bartolomayo aliuliza.

"Mtalii wa ndani," Meshack alijibu.

Bartolomayo alikuwa amekula ugali wa Sidonia mara nyingi tangu enzi za kuchunga mbuzi. Alimwamkia shikamoo, akapokea marahaba yake, kisha akamkumbusha kanuni: wakazi wa zamani hawaruhusiwi kupanda, watalii ruksa. Kwa kuwa leo amekuja kama mtalii hana kosa, ila asichume mboga.

Sidonia alizaliwa juu ya mlima huo na angezeekea huko, kama usingetangazwa hifadhi. Mpaka ulichorwa, malori yakaja, watu wakateremshwa na kupelekwa tambarare za upande wa Bahi, ambako maji ya mvua huingia mpaka chini ya kitanda. Huko ndiko magoti yake yalikoanza kuvimba. Mpaka wenyewe aliuchora Meshack. Hakuficha, alisema kazi ni kazi, alichora kama alivyoagizwa. Wakati huo alikuwa ameshamwoa Yasinta, akaahidi kulifuatilia suala la mkwewe. Alikuwa bado analifuatilia.

Yasinta alikuja na jambo moja moyoni. Kaka yake Faustini alikataa kuteremka siku ile ya malori, na mama yao hakuwa amemwona tangu hapo. Alitaka mama amwone mwanawe, moyo utulie, kisha ashuke naye akakae kwake Dodoma, kwenye nyumba kavu. Baba alikwisha kufariki. Mama ndiye aliyebaki, na Yasinta hakuwa tayari kuuachia mlima mtu mwingine tena.

Walipanda polepole kwa ajili ya magoti, Bartolomayo akiwasindikiza kama kanuni inavyotaka. Emilia alitangulia, akipiga kelele kwa kila ua: jekundu lenye kingo za njano, petali zimejikunja kuelekea juu, la zambarau linalotambaa chini, la rangi ya ndimu lililoota ndani ya ufa wa jiwe. Juu, penye uwanda, alikuta maua madogo meupe yameota kwa mstari ulionyooka, yakakata kona, yakanyooka tena.

"Mama, haya nani kayapanda?"

"Huo ukuta wa jikoni," Sidonia alimjibu mjukuu wake. "Pale penye mwanya ni mlangoni. Piga hodi."

Emilia akapiga hodi. Bibi yake akaitikia karibu, wakaingia.

Meshack, aliyekuja nyuma na mizigo, aliukagua uwanda, akaona mahali tambarare pasipo na jiwe hata moja, akasimamisha hema hapo. Hapakuwa na mawe kwa sababu Sidonia alipasiriba kwa udongo na samadi maisha yake yote. Ilikuwa sebule yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sidonia alitazama vigingi vikigongwa sebuleni kwake, na hakupona.

Mchana Faustini alikuja. Alisimama juu ya jabali, kwato zake nne zimekusanyika mahali pasipotosha kuweka sahani, kama wanavyosimama mbuzi mawe wote, wale paa wadogo wa majabalini, na shingoni alikuwa na rozari yake ya kipaimara.

"Shikamoo, mjomba," Emilia alisema.

Faustini alipiga mluzi kwa pua. Bartolomayo, akitafuna karanga, alieleza kwamba hiyo ndiyo marahaba yao. Amri ya siku ile ilisema watu wote watoke, wanyama hawakutajwa. Waliokataa kutoka wakasoma amri vizuri. Wazee wengi walichagua upimbi, maana pimbi huota jua kutwa na hakuna anayemuuliza kitu. Familia ya katekista ikawa kwale. Tangu hapo hakuna aliyewagusa, na mtu akiwarushia jiwe anafungwa.

"Walipokuwa watu niliwafukuza," alisema. "Sasa nawalinda. Mshahara ule ule."

Meshack alipiga picha. "Shemeji amenawiri," alisema, na ilikuwa kweli. Faustini alimgeuzia mgongo. Sidonia alikwenda chini ya jabali akazungumza na mwanawe kwa lugha yao yenye vidoko, sauti za kugonga ulimi, mpaka jua likaanza kushuka. Yasinta, aliyekulia shule za bweni, alielewa nusu tu. Alilielewa neno nyumbani, na lilirudiwa mno.

Jioni ndipo kosa lilipoonekana. Hema lilikuwa moja. Meshack alikuwa amefikiria blanketi, taa, hata filimbi ya kufukuzia fisi, lakini hakufikiria kwamba kwa kina Sidonia mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, na turubai ni paa. Yasinta naye hakufikiria, na hilo lilimuuma kuliko kosa la mumewe.

"Baba Emilia, wewe lala nje," alisema. "Jifunike blanketi zote mbili."

"Mgeni haruhusiwi kulala nje ya hema. Kuna chui huku. Mama alale upande ule na Emilia, tuweke khanga katikati. Hayo mambo ya zamani, jamani."

Bartolomayo, alipoulizwa, alithibitisha. Usiku, nje ni wanyama tu.

"Basi tuteremke wote sasa hivi," Yasinta alisema.

Bartolomayo alisema lango limeshafungwa. Lilikuwa kamba, lakini lilikuwa limefungwa.

"Msigombane mbele ya mtoto," Sidonia alisema. "Ni wanyama tu, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama," Bartolomayo aliitikia.

Sidonia alivua viatu, akakunja khanga yake ya begani, akampa Emilia. Yasinta akamshika mkono.

"Mama, nyumba yangu ni kavu. Kitanda nimeshatandika."

"Najua, mwanangu, na Mungu akubariki. Lakini kwako nitakuwa mgeni mpaka nife." Meshack alikuwa amesimama karibu kabisa, ila mkwe huambiwa neno kwa kupitia mtu. "Mwambie mwenzio hema nimemsamehe. Ramani sijamsamehe."

Mkono alioushika Yasinta ulipungua, ukaota manyoya magumu, ukamteleza. Sidonia alijaribu goti moja, akajaribu la pili, kisha akaruka juu ya jabali kwa mwanawe. Emilia alimpungia. Yasinta alilia, na hakulia kwa mshangao. Alikuja kuutoa moyo wa mama kwenye ule mlima, kumbe amemleta mzima.

Asubuhi, langoni, Bartolomayo alisema wageni wanne wameingia, watatu wametoka, na mbuzi mawe ameongezeka mmoja. Hesabu iko sawa. Akawatakia safari njema.

"Unaona wanavyoongezeka?" Meshack alisema walipokuwa njiani. "Mlima hautawatosha. Nitapendekeza mpaka ushuke hadi bondeni."

"Bondeni kuna watu."

"Watapewa taarifa."

"Na suala la mama ulilokuwa unalifuatilia?"

"Si limekwisha, Mama Emilia? Amerudi kwao." Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu aliyetimiza ahadi. Yasinta alimtazama, akaona kwamba anaamini.

Bondeni walimkuta Edina, mdogo wake Sidonia, akifukuza ndege kwenye shamba la mtama. Yasinta aliomba gari lisimame, akashuka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Dada yuko wapi?"

"Amebaki kwa Faustini."

Edina alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha alimwona Meshack, ambaye naye alikuwa ameshuka, amesimama juu ya kichuguu na simu yake mkononi, akilipiga picha bonde kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Lini?" Edina aliuliza.

"Sijui, mama mdogo. Ila msisubiri mtama ukauke."

Edina aliwaita wanawe kutoka nyumbani. Walikuja na visu, wakaanzia upande wa barabara, wakikata masuke yangali na maziwa.