Mapengo Langoni

Siku klabu ilipomtambulisha Mapengo mchekeshaji, waandishi walijaa ukumbini kuliko siku timu ilipoleta kombe. Mwenyekiti, mwenye kiwanda cha magodoro, alivaa suti nyeupe na tabasamu la mtu aliyeuza godoro bovu na mteja akamshukuru. Aliushika mkono wa Mapengo akauinua juu. "Tumeleta mshambuliaji hatari!" alisema, na waandishi, watu wazima wenye familia zao, wakainama wakaandika.

Mapengo alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Meno yake mawili ya mbele hayakuwepo, na kutokuwepo kwake ndiko kulikomlisha yeye na wanawe. Mtandaoni alikuwa na wafuasi milioni tatu, na katika klabu ile hakuna beki wala kiungo aliyeweza kushindana na hesabu hiyo. Kabla yake walishamsajili mwanamuziki aliyecheza dakika mbili akaomba maji, na bondia mstaafu aliyemzimisha mwamuzi mazoezini. Msemaji wa klabu aliuita mtindo huo mkakati. Waliojua mpira waliuita kwa jina jingine, lakini hao hawakuulizwa.

Tatizo ni kwamba orodha ya ligi ina nafasi ishirini na tano, basi. Aingiaye mmoja, atoke mmoja. Katibu alifungua daftari la dakika za kila mchezaji, akateremsha kidole mpaka kwenye jina lenye sifuri, akalikata. Huwa anachukua muda mrefu zaidi kuchagua soda.

Jina lile lilikuwa la kipa wa pili, ambaye wote walimwita Akiba. Misimu minne alikuwa amekalia benchi mpaka benchi likamzoea. Kipa wa kwanza, Jabali, hakuumwa, hakuumia, wala hakuwahi kuomba ruhusa ya msiba. Akiba alikuwa na tumaini moja tu, nalo lilikuwa limechorwa kwa chaki ndani ya mlango wa kabati lake katika chumba cha kubadilishia nguo: kadi za njano za Jabali. Kadi tatu, mechi moja nje. Kocha aliamini katibu anazihesabu, katibu aliamini kocha anazihesabu, kwa hiyo katika klabu nzima aliyezihesabu ni yule aliyekuwa na haja nazo.

Msimu huu Jabali alishafikisha mbili, na Jabali si mtu wa kuongoza bao moja bila kulala chini akashika msuli. Ya tatu ilikuwa njiani, na mechi baada ya hiyo ilikuwa ya watani wa jadi. Akiba alishamwambia mama yake, fundi cherehani, afunge duka siku hiyo aje uwanjani. Mama huyo alikuwa ameshona viraka vya glovu za mwanawe kwa miaka minne, wala hakuwahi kuziona zikidaka mpira wa mechi.

Aliposikia amekatwa, Akiba alikwenda ofisini kwa katibu.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Najua kilichokuleta."

"Hujui, mzee. Jabali ana kadi mbili. Akipata ya tatu, langoni mtamweka nani? Yule kipa wa tatu mkono uko kwenye plasta."

Katibu alivua miwani, akamtazama kwa huruma ya kuudhi. "Mdogo wangu, wivu haujengi. Mshahara wako uko palepale, mazoezi utafanya na wenzako, kilichopungua ni jezi tu. Unataka nini tena?"

"Nataka kucheza."

"Aa, kucheza," alisema katibu, akavaa miwani yake, akarudi kwenye makaratasi.

Dirisha la usajili lilifungwa Ijumaa. Jumamosi, timu ikiongoza bao moja, Jabali alilala chini akashika msuli wa kulia. Alipoinuliwa, akalala tena akashika wa kushoto. Mwamuzi akamtolea kadi. Kwenye benchi hakuna aliyeshtuka. Kocha alimpigia hata makofi kwa kupoteza muda vizuri. Juu jukwaani, Akiba alifunika uso kwa viganja akalia, na jirani yake akamfariji kwamba asijali, tunaongoza.

Jumatatu ikaja barua ya ligi. Ofisini wakatazamana kama wezi waliokutana dirishani. Kocha, ambaye walau alikuwa na aibu, alisema atamweka langoni beki wake mrefu.

"Beki wa nini?" mwenyekiti alimkatiza. "Mapengo atadaka."

"Mwenyekiti, huyo mtu hajawahi kudaka hata kuku!"

"Ndiyo maana watakuja kumwona. Msemaji, toa bango."

Na kweli, mabango yalipobandikwa, tiketi zilikwisha kwa siku mbili. Hata watani walinunua za ziada wawaletee shangazi zao.

Alhamisi Akiba alikuwa dukani kwa mama yake anapasi suruali za wateja, mara Mapengo akaingia, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi. Mama alipomtambua aliangua kicheko, maana uso ule ulikuwa umeshauzoesha ulimwengu hivyo.

"Mama yangu, leo usicheke," alisema Mapengo, akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Kaka, nimekuja kwako. Mimi nilidhani ni tangazo la magodoro. Nikasaini nikijua tutapiga picha, kila mtu aende kwao. Mpira ukinijia, nafumba macho. Tangu utotoni."

Kwa wiki nzima Akiba alikuwa ameyaandaa matusi ya kumpa mtu huyu, ameyapanga kwa ukubwa. Sasa hata moja halikutoka. Ni vigumu kumtukana mtu anayetetemeka.

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Simama nyuma ya goli. Niambie tu niende wapi. Kocha kasema atakupa kizibao cha wapiga picha."

Akiba aliirudisha pasi kwenye kibao chake kwa nguvu. "Yaani mmenikata, halafu niwafundishe kazi yangu nikiwa nje ya nyavu?"

Mapengo aliivua kofia akaikunja mapajani. Mama ndiye aliyenena, akikata uzi kwa meno. "Mabeki ni rafiki zako, mwanangu. Wasidhalilike peke yao. Na mimi siku hiyo wateja nimeshawaambia duka limefungwa."

Kufikia mapumziko Mapengo alikuwa ameshafungwa matatu, na kila bao lilishangiliwa na pande zote mbili. Baada ya kila moja alilazimika kuinama kama yuko jukwaani, maana ndicho walicholipia. Nyuma yake Akiba, amevaa kizibao na ndala, alipiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Toka! Rudi! Fumbua macho, we mtu!" Mabeki walicheza kama watu wanaozima moto kwa vikombe. Likaingia la nne, na mama kule jukwaani akawa ndiye mtu pekee asiyecheka.

Dakika ya themanini, penalti. Mpigaji alikuwa nahodha wa watani. Akiba alimjua kuliko alivyowajua ndugu zake. Misimu minne alikuwa amemsoma kutoka benchi. Nahodha akijifuta kiganja kwenye bukta, mpira unakwenda kulia kwa kipa. Nahodha akajifuta kiganja kwenye bukta.

"Kulia kwako! Ruka sasa!"

Kabla hajajua anachofanya, Akiba mwenyewe alikuwa hewani, amenyooka, ndala moja imeruka upande wa pili. Mbele yake Mapengo naye alijitupa kulia, macho yamefumbwa, zaidi kwa hofu kuliko kwa ufundi, na mpira ukamgonga mbavuni ukatoka nje. Uwanja ulilipuka. Wachezaji wakamlalia Mapengo rundo zima. Akiba aliinuka kiwiko kinavuja damu, na kwa pumzi mbili tatu alikuwa na furaha ambayo misimu minne haikumpa. Kisha akasikia jina wanaloimba, na roho ikamuuma vibaya sana.

Walifungwa manne kwa moja. Msemaji alitangaza kwamba kibiashara wameshinda.

Asubuhi picha ilienea kila mahali. Mbele, Mapengo amekunja uso kama anapigwa sindano. Nyuma ya nyavu, mtu mwenye kizibao yuko hewani, macho yamefumbuka, kiganja kimefika pale hasa mpira unapopita. Huyu ni nani? watu wakaulizana. Mpaka adhuhuri walikuwa wamemtazama yeye kuliko mchekeshaji.

Jioni Akiba na mama yake walikuwa mezani wanakula, simu ikaita. Ilikuwa ya mwenyekiti. Akiba akaongeza sauti ili mama asikie.

"Mwanangu! Kumbe tuna hazina ndani ya nyumba na sisi tunatafuta nje! Dirisha dogo likifunguliwa, wa kwanza kusaini ni wewe. Bango liko tayari."

Mama aliweka kijiko chini. Akiba alijikuta amesimama bila kujua amesimama lini.

"Mechi zote, mwenyekiti?"

"Zote za nyumbani! Dakika tisini!"

"Asante. Asante sana." Akamtazama mama yake. "Na Jabali je? Atakubali kukaa benchi?"

"Jabali anahusikaje? Jabali yuko golini kwake palepale. Wewe utaruka nyuma ya nyavu, na kizibao chako kilekile. Watu wanakupenda hivyo! Ila ndala moja lazima iruke kila mara, hilo usisahau."

Akiba aliiweka simu mezani bila kuikata, akakaa. Mama yake akamsogezea bakuli la mchuzi. Wakaendelea kula, na mwenyekiti akaendelea kueleza kwamba kuhusu rangi ya ndala, kamati bado haijakubaliana.