Picha ya Mchumba wa Ottilia

Mwalimu Fawziya alisomesha historia Nizwa, Oman, miaka thelathini, na kustaafu hakukuupumzisha mdomo wake. Kila Jumanne alasiri wanawake wa mtaani kwake, Ibra, hujaa sebuleni wakinywa kahawa, naye huwapa kisa cha kale.

Jumanne hiyo alikuwapo Bi Rumaitha, aliyetoka Sur kumposea mwanawe Hud. Anayeposwa ni Hajar, binti wa kaka yake Fawziya, naye siku hiyo yumo sebuleni. Hajar alikwisha oneshwa picha ya Hud kwenye simu, kijana mwenye nywele tele, na alikuwa keshakubali nusu.

Fawziya, bila ya kufikiri, akachagua kisa cha Ottilia, binti mfalme wa Kijerumani wa karne mbili nyuma.

"Nchi yenyewe ndogo," alisema, "ukipiga chafya huku, wa ng'ambo anakwambia yarhamuka Allah. Basi akaletewa picha ya mchumba, imechorwa kwa rangi, kijana kama mwezi. Akasafiri siku kumi na moja kwa gari la farasi. Kufika, mzee kibogoyo akaja kumpa mkono ashuke. Ottilia akamwambia, 'Ahsante baba, sasa kamwite mwanao.' Kumbe ndiye bwana harusi! Picha ina miaka ishirini na tano!"

Wanawake wakaangua kicheko. Bi Rumaitha hakucheka.

"Akarudi kwao?" Hajar aliuliza.

"Arudi vipi, na farasi washachoka? Akaolewa. Wakagombana, wakapatana, wakazaa sita. Lakini katika mabinti zake hakuna aliyeolewa kwa picha."

Hajar akaweka kikombe chini. "Basi na mimi namtaka Hud mwenyewe nimuone, uso kwa uso."

"Mwalimu, kisa hiki umenikusudia mimi!" Bi Rumaitha akavuta abaya lake akatoka, hata halwa hakuigusa.

Siku tatu Fawziya aliulaani ulimi wake. Kaka yake alipompigia simu, alijitia anaumwa na koo.

Ijumaa baada ya sala, gari likasimama mlangoni. Hud akaingia na dada yake, Lamya.

"Shikamoo, shangazi," Hud alimwamkia Fawziya. Hajar akaitwa, Hud akaketi mbele yake, na kabla hajaulizwa neno akavua kofia. Kichwa kiling'aa kama sinia.

"Picha ile ya zamani, niko chuoni," alisema. "Mama ndiye aliyeichagua. Nilimwambia nywele hizi hazipo tena, akasema zitarudi."

Hajar alicheka mpaka kahawa ikampalia, Lamya akawa anampigapiga mgongoni. Alipopata pumzi akauliza, "Na kuna chengine kinachongojewa kurudi?"

"Hakuna. Meno yote ninayo, hesabu ukitaka. Mama kanisimulia habari za yule kibogoyo. Amekasirika, lakini kisa chote amekihifadhi."

Fawziya akasingizia kwenda kutazama birika, akawaacha na Lamya. Walizungumza mpaka adhana ya alasiri.

Miezi miwili baadaye ndoa ikafungwa Sur. Hata baada ya harusi Bi Rumaitha hakusema na Fawziya wiki tatu nzima, kisha akampelekea papa mkavu, pamoja na salamu kavu kuliko papa mwenyewe.