Kila Asubuhi Alinigeuzia Mgongo

Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba akishanisalimia anainamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama mtu anayengoja kuitikiwa.

Alikuwa nyanya wa kuchorwa tu, mwanamke mzee ndani ya simu, amejifunga leso, amekaa kwenye kigoda mbele ya shamba la maembe. Mchezo huo aliutengeneza Titus, mpwa wa Kaluki. Kaluki ndiye mwenye stoo ya nafaka hapa Matuu ninapochambua ndengu. Titus alisomea kompyuta Machakos mjini, na siku hiyo alikuja akitafuta mtu ambaye hajawahi kucheza gemu hata siku moja.

"Mchukue Mukai," Kaluki akasema. "Lakini utapata nini kwake? Huyu hata kuku akiingia stoo hamfukuzi, anangoja atoke mwenyewe."

Wanawake wengine wakacheka. Mimi nikaendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Ndiyo namtaka, anti. Wale wa kuongea sana wananisifu tu."

Akachukua simu yangu akaweka mchezo. "Ukifanya vizuri, mti unazaa," akaniambia. "Ukikosea, mti unakauka. Sikuambii zaidi, nataka mchezo wenyewe ukufundishe. Mtu akipewa kitu anarudi. Akinyang'anywa, anarudi mbio."

Nikamwambia sawa.

Naishi peke yangu, chumba kimoja nyuma ya kinu cha unga. Asubuhi iliyofuata nikafungua mchezo kabla ya kuwasha jiko. Nyanya akainua macho. "Wakya," akasema, kwa sauti ya mzee kabisa, na jina langu likatokea juu ya kichwa chake.

Kwetu mdogo hatangulii kumsalimu mzee. Anangoja aambiwe wakya, kisha anaitikia aa. Nyanya yangu aliyenilea alinisalimia hivyo kila asubuhi, hata baada ya mimi kuacha shule darasa la sita ili nimuuguze. Alizikwa mwaka juzi, kule Ekalakala. Kaluki huanza siku kwa kuuliza magunia yako wapi.

"Aa," nikajibu.

Nyanya akainamisha kichwa. Akangoja. Kisha akanigeuzia mgongo, na mwembe mmoja ukakauka.

Nilifikiri nimejibu kwa sauti ya chini, kwa sababu watu hunilaumu kwa hilo siku zote. Kesho yake nikajibu kwa nguvu. Akageuka tena. Siku ya tatu nikanawa uso kwanza. Siku ya nne nikafunga kitambaa kichwani. Miti ilikauka mmoja baada ya mwingine na sikuijali sana. Kilichoniuma ni ule mgongo. Nilienda kazini nikijiuliza nimemkosea nini.

Siku ya tisa kioo cha simu kilikuwa na vumbi la unga. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikalifuta kwa kidole huku nikimjibu. Nyanya akatabasamu. "Nesa," akasema, yaani vizuri, na mwembe ukachanua.

Nikajua ni kusimama. Kumbe siku zote nilimjibu nimekaa kitandani, kama mtu asiye na adabu. Kuanzia hapo nikawa nasimama mlangoni, miguu pamoja, nimeishika simu kwa mikono miwili. Hakutabasamu tena, lakini sikuacha kusimama.

Wiki ya tatu ilipoisha Titus alirudi na kompyuta yake, akaketi juu ya gunia.

"Mukai, umenishinda. Kila siku unafungua saa kumi na mbili na nusu. Unasalimiwa, unakaa tu, unafunga. Siku ishirini na moja, na umebonyeza mara moja. Ulikuwa unalala?"

"Hapana."

"Hukuona hili jani?" Akanionyesha jani dogo pembeni ya kioo, kijani juu ya kijani. "Hili ndilo la kumjibu. Ukiligusa anatabasamu."

Nilidhani ni jani la mwembe.

"Basi hii salamu inachosha watu," akasema, zaidi kwa kompyuta kuliko kwangu. "Kama adhabu ya siku zote hizo haikukufundisha, kosa ni langu. Naitoa. Nitaweka gurudumu la zawadi, unazungusha tu, unapata." Kisha akaniangalia. "Ama ulikuwa unafanya nini hapo, dakika nzima?"

Wanawake waligeuka kunitazama. Kaluki alikuwa ameshika mizani. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni.

"Hakuna," nikasema.

"Si nilikuambia," Kaluki akasema, na kazi ikaendelea.

Gurudumu lilikuja Jumatatu. Nikazungusha, nikapata miembe mitano, kisima na punda. Shamba zima likawa kijani. Kigoda kilikuwa bado pale pale, kitupu. Jumanne nikazungusha tena, nikapata punda wa pili. Jumatano sikufungua.

Titus akaniandikia: "Mbona umeacha na ulikuwa unashinda?"

Nikamjibu kwamba simu imeharibika.

Haikuharibika, Titus. Nilikuwa namjibu. Kila siku, kwa mdomo wangu, nimesimama. Tangu wamzike nyanya yangu hakuna mtu mwingine aliyeniambia wakya, na ningekubali miti yote ikauke, anigeuzie mgongo hata mwaka mzima, mradi kesho anisalimie tena.